Ndoo ya nyenje kwenye basi la Iringa

Kondakta aliinua ndoo, akaisogeza sikioni, kisha akaiweka chini taratibu.

"Mama, humu mna nini kinalia?"

Nikamwambia nyenje. Nyenje mia tatu, wanakwenda Iringa, kuna mzee atawapokea stendi, na hela ya mzigo nalipa hapa hapa. Akauliza kama ni wa kuliwa. Nikamjibu ni wa kuliwa, ila si na watu, wanaliwa na vinyonga. Hapo ndipo aliporudi nyuma hatua moja. Ndoo inayopiga kelele haikumtisha. Neno kinyonga ndilo lililomtisha. Huku kwetu mtu anaweza kumfuata nyoka na fimbo hadi kichakani, lakini akimwona kinyonga juu ya ua anatafuta njia nyingine ya kwenda kisimani.

Mwishowe alikubali ndoo ikae chini ya siti ya nyuma kabisa, kwa sharti mfuniko ufungwe kwa kamba. Nikafunga. Nilifunga vizuri mno, na mzigo ule wa kwanza ulifika karibu wote umekufa.

Ukiijua barabara hiyo utaelewa. Kutoka Uyole, huku Mbeya, basi linateremka kwenye joto la Usangu, Igurusi na Chimala, kisha linapanda tena kwenye baridi ya Makambako na Mafinga. Ni zaidi ya kilometa 300. Mimi nilikuwa nimetoboa matundu machache ya msumari kwenye mfuniko, na ndani nimeweka vipande vya tango ili wasife kiu. Kule bondeni, juu ya injini, tango likatoa jasho. Kule juu jasho lile likapoa na kuwadondokea. Mzee alinitumia picha. Trei za mayai zimelowa, zimelegea, na nyenje wamegandana chini ya ndoo mithili ya majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Aliandika maneno matano tu: "Pole binti yangu. Tujaribu tena."

Nilimfahamu mzee huyo Agosti, kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Mimi ni mfugaji wa kuku, na mwaka ule nilikuwa nimepata nafasi ya kuonesha funza ninaowalisha kuku. Pembeni ya beseni la funza nilikuwa na boksi la nyenje, wale weusi wenye madoa mawili ya njano pale mabawa yanapoanzia. Nilikuwa nawakusanya chini ya mabua na kuwajaribu tu. Wazee wengi walipita wakatikisa kichwa. Yeye alisimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Hawa unawalisha nini?"

"Pumba tu, baba."

Akaitikia kwa kichwa, tukahamia kwenye bei. Alikuwa mwalimu mstaafu, ana bustani ndogo ya wanyama upande wa Iringa, ana kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wanafunzi wanaletwa kumwona kobe na vinyonga. Wadudu walikuwa wanampa shida, kwa sababu watoto wa jirani aliokuwa anawatuma kukamata panzi walichoka, na kiangazi panzi wenyewe wanaadimika. Tukapatana mia tatu kila baada ya wiki mbili. Lile swali lake la kwanza nimelikumbuka mara nyingi baadaye. Lilikuwa ndilo swali lenyewe, na wote wawili tulilipita.

Kazi ya kwanza ilikuwa baridi. Nyenje ni mdudu wa joto. Ukimpa nyuzi 28 hadi 32 mayai yanaanguliwa kwa wiki mbili hivi, na mtoto anafika umri wa kuimba baada ya wiki sita hadi nane. Sisi tuko juu ya mita 1,700, na Julai usiku hapa Uyole joto linashuka chini ya nyuzi 10. Jike anataga kwa kuchomeka kwenye udongo ule mkia wake mwembamba unaofanana na sindano ya kushonea magunia, na mimi nilimwekea kisahani cha udongo wenye unyevu kama inavyotakiwa. Nikangoja siku arobaini. Nilipochimbua nikakuta ukungu mweupe umefunika mayai yote.

Watu walinishauri jiko la mkaa. Sikuthubutu, moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua hata watu. Balbu za siku hizi nazo hazitoi joto, na zile za zamani za waya umeme ukikatika ndiyo basi. Nilichofanya ni hiki: sanduku la mbao, ndani nimelizungushia godoro kuukuu la sponji, katikati madumu mawili ya lita tano ya maji ya moto, moja la jioni na moja la saa kumi alfajiri. Ndoo za nyenje zinakaa kuzunguka madumu. Si kitu cha kupiga picha, lakini joto linakaa.

Mwanangu wa pili, yuko darasa la tano, ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Madume tu ndio wanaoimba, na joto likishuka wimbo nao unapungua kasi. Usiku mmoja alikuja kitandani kwangu akanigusa bega: "Mama, wameanza kuimba polepole." Nikaamka, nikashika dumu, limepoa. Tangu siku hiyo sitegemei saa.

Halafu ikaja ile ya chainizi. Nilitaka kuwabadilishia chakula, nikanunua fungu zuri sokoni, majani mapana, hayana tundu hata moja. Ningepaswa kujiuliza kwa nini hayana tundu. Niliyakata nikawapa jioni. Asubuhi niliposhika mfuniko kulikuwa kimya, na ndani walikuwa wamelala chali, mamia, wengine bado wanarusha miguu. Nilirudi kwa yule mama muuzaji, si kwa ugomvi, nilitaka tu kujua. Aliniambia ukweli bila kuficha: ilipigwa dawa juzi, ila ukiosha haina shida. Dawa ya kuua wadudu ilikuwa imeua wadudu.

Kilichonikosesha raha hakikuwa hasara. Siku ya kusafirisha mzigo ilikuwa kesho yake. Kama ningewapa majani yale saa chache tu kabla ya basi, wangefika Iringa wakiwa hai bado, wazembe, wanatembea polepole, na kinyonga anaanza na yule aliye rahisi kumpata. Sumu ingeingia kwake ndani ya chakula nilichomuuzia mimi. Ndiyo maana sasa nina matuta yangu mawili ya sukuma wiki na karoti nyuma ya banda la kuku, hayaguswi na bomba la dawa, na jani lolote la kutoka nje linaanza kwa nyenje watano kwenye kopo lao peke yao kwa siku moja. Ndiyo maana pia namkataza mtu yeyote kukamata panzi kwenye shamba la viazi au nyanya kwa ajili ya kulisha mnyama. Kwenye nyanya, tangu aingie kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, bomba halishuki mgongoni kwa mkulima. Na yule panzi mnene mwenye rangi za kung'aa, kijani, njano na nyeusi, anayenuka ukimshika, mwache hata kama shamba ni safi. Rangi ile ni onyo. Ana sumu mwilini anayoipata kwenye mimea anayokula.

Mwezi wa tano wa biashara yetu mzee alipiga simu. Safari hii hakuandika. "Binti yangu, njoo uone mwenyewe."

Nilipanda basi la kwanza. Vinyonga wake ni wale wenye pembe tatu fupi wa milima ya Poroto, milima hii hii ninayoiona nikifungua dirisha la jikoni. Wataalamu wanamwita Trioceros fuelleborni, kwa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekuwa huku enzi za ukoloni, na alielezwa kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 1900. Alikuwa nao wanne. Watatu walionekana sawa. Wa nne, dume changa, alikuwa kwenye tawi la chini kabisa.

Mguu wa kinyonga ni koleo: vidole viwili upande mmoja, vitatu upande wa pili, na koleo hilo likishika tawi halijui kuachia. Huyu alikuwa hashiki. Alikuwa ameegemea kwenye kifundo, na mkono wake wa mbele wa kushoto, mahali panapopaswa kuwa na mfupa ulionyooka, ulikuwa umepinda upinde. Mzee akaweka nyenje mmoja kwenye jani mbele yake. Macho yote mawili, ambayo kwa kawaida kila moja linaangalia mambo yake, yakakutana kwa nyenje. Mdomo ukafunguka. Nilisubiri ule mshale. Ulimi ukatoka nusu, ukalegea, ukaning'inia juu ya taya ya chini ambayo nayo ilikuwa imebonyea. Akaurudisha kidogo kidogo kwa kutafuna. Nyenje akaondoka zake.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshamwona. Alisema mifupa imelainika, na akamuuliza mzee wadudu wanalishwa nini. Mzee akanigeukia. Nikajibu lile jibu langu la Nane Nane.

Sasa naieleza kama nilivyoelezwa siku ile, na kama nilivyosoma baadaye usiku kwa usiku. Mwili wa nyenje una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kiasi cha tisa kwa moja. Kinyonga anahitaji kinyume chake, kalsiamu mara mbili ya fosforasi, au angalau zilingane. Kalsiamu ikipungua kwenye damu mwili hausubiri, unaichukua pale ilipo, yaani kwenye mifupa. Mnyama anayekua ndiye anayeumia kwanza. Pumba nazo zina fosforasi tele, kwa hiyo nilikuwa napeleka upungufu juu ya upungufu, na napeleka kwa wingi, wakiwa wanene na wanaruka, wanapendeza macho.

Kulikuwa na jambo la pili. Banda lilikuwa limeezekwa bati la plastiki linalopitisha mwanga. Ndani kulikuwa na mwanga mzuri wa kusomea gazeti, lakini ile miale ya urujuanimno ya jua inayomwezesha kinyonga kutengeneza vitamini D ngozini inaishia kwenye plastiki, na kwenye kioo pia. Bila vitamini hiyo hata kalsiamu ukimpa inapita tu. Mzee alitazama juu, akanitazama. "Tumekosea wote," akasema. "Wewe kwenye ndoo, mimi kwenye paa." Hakunilaumu kwa neno lingine. Jioni ile alikuwa ameshapanda ngazi anang'oa bati, na pale pakawekwa wavu.

Nilirudi Mbeya nikiwa nimekaa dirishani nafikiri. Nilikuwa nahesabu nyenje kama anavyohesabu mtu anayeuza sabuni: mia tatu waliotoka, mia tatu waliofika. Kumbe kinyonga yule hakuwa anakula nyenje. Alikuwa anakula pumba zangu, zimevaa miguu sita.

Mwanjelwa niliingia duka la dawa za mifugo nikaomba kalsiamu. Kijana akanipa DCP bila kufikiri mara mbili, na kwa kuku yuko sahihi kabisa. Lakini DCP ni kalsiamu iliyoungana na fosforasi, na mimi fosforasi ninayo ya kumwaga. Nilichohitaji ni chokaa ya mifugo tupu, jiwe la chokaa lililosagwa. Hapa naomba tuelewane: si chokaa ya kupaka ukuta. Ile imechomwa, inaunguza, ukimpa mdudu au mnyama umemuua. Ukikosa ya mifugo, maganda ya mayai yanatosha, kwa kuwa karibu yote ni madini hayo hayo. Nayachemsha, nayaanika hadi yakauke, nayatwanga, nayapitisha kwenye kitambaa chepesi. Unga ukiwa na chembe nyenje anaziacha; ukiwa laini mfano wa poda ya mtoto anakula.

Kuna njia mbili za kufikisha kalsiamu kwa kinyonga, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni tumbo la nyenje: siku mbili kabla ya safari nawapa chakula chenye chokaa nyingi pamoja na sukuma wiki na karoti. Mchicha na spinachi siwawekei, kwa sababu zina asidi inayoifunga kalsiamu isitumike. Siwapi pia mapema zaidi ya hapo, maana chokaa nyingi kwa siku nyingi inawachosha nyenje wenyewe. Ya pili ni mgongo wa nyenje: unawaweka kwenye mfuko na kijiko cha unga, unatikisa, wanatoka weupe. Hiyo ni kazi ya mzee, siyo yangu, kwa sababu nyenje ni msafi. Ndani ya saa chache anajisugua miguu na vipapasio hadi unga wote umeisha. Ukimpaka Mbeya, Iringa anafika mweusi.

Mengine mzee alikuwa anayajua zaidi yangu. Nyenje asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya kinyonga. Na wasiachwe bandani usiku; kinyonga akilala halindi ngozi yake, na nyenje mwenye njaa anatafuna chochote.

Funza wa nzi chuma nao nawatuma siku hizi, kikombe kimoja kimoja. Hao wana kalsiamu yao wenyewe, hawahitaji kupakwa, na wanakua kwenye maparachichi ya Rungwe yaliyooza ambayo sokoni napewa bure. Tatizo lao ni kwamba wanajificha chini, na kinyonga anataka kitu kinachotembea mbele ya macho yake. Ni wa kuchanganyia tu.

Makondakta nao wamezoea. Ndoo sasa ina madirisha mawili makubwa ya wavu wa chuma, trei kavu zimesimamishwa wima, na badala ya tango naweka kipande cha karoti. Nasafirisha usiku, Usangu ikiwa imepoa, na blanketi kuukuu linafunika upande mmoja kwa ajili ya Makambako. Wiki iliyopita kati ya mia tatu walikufa tisa.

Mwanangu aliwahi kuomba tumchukue kinyonga wa kwenye ua wetu. Nilikataa, na nitakataa kwa yeyote. Mnyamapori si wa kuokota ukafuga ndani, kibali kinahitajika. Na milima hii imeshatoa vinyonga wengi mno kwenda nchi za nje, kabla Serikali haijazuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Tulichofanya ni kwenda uani asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, baridi bado inauma vidole, na mwanangu akamwachia nyenje mmoja kwenye tawi. Kinyonga alikuwa mzito, mweusi kwa baridi, hatua moja kwa dakika. Lakini ulimi ulitoka kwa kasi ile ile ya mchana. Ulimi wa kinyonga hurushwa kwa kuvutwa kwanza na kuachiwa, mfano wa mpira wa manati, ndiyo maana baridi haiucheleweshi sana kutoka. Kuurudisha ndiko kulikomchukua muda. Mwanangu alishika mdomo kwa mikono miwili.

Yule dume changa wa Iringa mkono wake haukunyooka, na hautanyooka. Taya imekaza. Alianza kulishwa kwa kibano, baadaye akaanza kurusha mwenyewe, akikosa mara mbili na kupata ya tatu. Yuko kwenye tawi la katikati sasa.

Jumanne mzee alipiga tena. Jike mkubwa ana mimba. Vinyonga hawa wa baridi hawatagi, wanazaa watoto hai, na mtoto anaweza kuhitaji chakula siku ile ile au kesho yake. "Nitahitaji wadogo kabisa," akasema, "wa siku ya kwanza, wasizidi sisimizi. Utaweza?" Nikamwambia nitaweza, nikakata simu, nikaanza kuhesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Visahani vinne vya udongo vilikuwa kwenye sanduku tangu wiki mbili kasoro siku moja.

Usiku wa jana umeme haukuwepo. Nilikuwa jikoni nasubiri sufuria ichemke, mwanangu akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku na tochi ya simu. Alikaa kimya muda mrefu kiasi cha kunifanya nigeuke.

"Mama," akanong'ona, "udongo unatembea."

Nikamwambia ashushe mfuniko upesi, joto lisitoke. Maji yalikuwa yameshachemka, nikaenda kujaza dumu.